Kupima chupa si kumpima mtu: homa ya ini B na damu ya wachangiaji

Mchangiaji anapokaa kunywa soda yake baada ya kutoa damu, damu hiyo imeshashika njia mbili. Mililita 450 zimeingia kwenye mfuko wa plastiki, ambao bado tunauita chupa ingawa chupa za kioo ziliachwa zamani. Mfuko huo unawekwa kando kwenye jokofu, pamoja na mingine ambayo haijaruhusiwa kutumika. Tyubu ndogo mbili tatu zimejazwa damu hiyohiyo, zikabandikwa namba ileile, na zinakwenda maabara. Kuanzia hapo chupa inasubiri neno la tyubu. Neno likiwa baya, chupa inateketezwa, hata kama wodini kuna mama anayetoka damu baada ya kujifungua.

Tanzania, damu ya kila mchangiaji hupimwa VVU, homa ya ini B, homa ya ini C na kaswende. Katika hayo manne, homa ya ini B, ugonjwa wa ini unaoletwa na kirusi, ndiyo ambayo kwa kawaida huziondoa chupa nyingi zaidi, na kwa maoni yangu ndiyo inayoeleweka vibaya zaidi. Mtu anaambiwa damu yake haikufaa, anaondoka akidhani atakufa mwaka huu. Mwingine anapewa kadi ya kundi la damu bila neno lolote juu ya ini, anaondoka akiamini amehakikishiwa kuwa mzima. Wote wawili wamekosea, na kosa lao lina chanzo kimoja.

Tyubu ile inaulizwa maswali mawili. La kwanza: chupa hii apewe mgonjwa? La pili: huyu aliyetoa ana ugonjwa? Tunayachukulia kama swali moja kwa sababu kipimo ni kimoja, lakini kila moja lina ushahidi wake na haraka yake. Kwa chupa, shaka ndogo inatosha kuitupa. Kwa mtu, shaka ndogo haitoshi kumwambia kwamba ana kirusi kitakachobaki naye maisha yake yote.

Kabla ya kipimo, tutazame jina, maana limetuponza. Tunasema homa ya ini, na bado wengi wenye kirusi hiki hawana homa yoyote. Homa ya manjano ni ugonjwa mwingine kabisa, unaenezwa na mbu, na chanjo yake ndiyo ile inayoandikwa kwenye kadi ya njano ya wasafiri. Na manjano, yaani macho na ngozi kubadilika rangi, ni dalili tu. Inaweza kuletwa na homa ya ini, na malaria kali, na mawe ya nyongo, na selimundu. Mtu aliyezoea maneno haya matatu kama ndugu wa tumbo moja akiulizwa “umewahi kuugua homa ya ini?” atajibu kwa kukumbuka siku aliyougua manjano.

Swali hilo wachangiaji huulizwa kabla ya kutoa damu, na ni swali zuri, lakini hebu tuone linamkamata nani. Mtoto akiambukizwa na mama yake wakati wa kuzaliwa, uwezekano wa kirusi kubaki mwilini moja kwa moja ni karibu 90 kwa 100, na kwa kawaida hataonesha dalili. Mtu mzima akiambukizwa mambo hugeuka: chini ya 5 kwa 100 ndio hubaki na kirusi, wengine mwili unakifukuza, na baadhi yao hupata manjano na kulala kitandani wakati mwili unapambana. Kwa hiyo mwenye kumbukumbu ya kuugua mara nyingi ni yule aliyepona. Anayebeba kirusi hana cha kukumbuka. Ndiyo maana hakuna dodoso, hata liulizwe kwa uaminifu namna gani, linaloweza kuchukua nafasi ya maabara. Kijana mwenye afya, mwenye kilo 70, anayecheza mpira kila jioni, anajibu hapana kwa maswali yote, na anasema kweli.

Tulivyopata kitu cha kupima

Kipimo chenyewe kilizaliwa kutokana na damu ya kuongezewa. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 daktari mmoja Mmarekani, Baruch Blumberg, hakuwa anatafuta homa ya ini. Alikuwa anachunguza jinsi protini za damu zinavyotofautiana kati ya watu wa sehemu mbalimbali za dunia. Alifikiri hivi: mgonjwa aliyeongezewa damu ya watu wengi sana lazima mwili wake umetengeneza kingamwili, yaani protini za kujikinga, dhidi ya vitu vingi vya wengine. Basi akachukua majimaji ya damu ya wagonjwa wa hemofilia, yaani wale ambao damu yao haigandi vizuri na huongezewa damu mara kwa mara, akayakutanisha na sampuli kutoka kila pembe. Majimaji ya mgonjwa mmoja wa New York yalishikana na sampuli ya Mwaborijini wa Australia. Kitu kilichonaswa kikaitwa antijeni ya Australia, na taarifa yake ikachapishwa mwaka 1965.

Mwanzoni walidhani ni tabia ya kurithi. Kisha mgonjwa mmoja ambaye hakuwa nayo akapimwa tena, akakutwa nayo, naye alikuwa amepata homa ya ini. Mwaka 1967 fundi wa maabara hiyohiyo, Barbara Werner, akajisikia vibaya, akapima damu yake mwenyewe, akaiona antijeni pale. Alikuwa na homa ya ini. Japani, mtafiti Okochi akaonesha mwaka uliofuata kwamba damu yenye antijeni ile ikiongezewa mgonjwa humletea homa ya ini. Miaka michache baadaye, mwanzoni mwa miaka ya 1970, Marekani ilianza kuipima damu ya wachangiaji. Blumberg alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1976, na siku yake ya kuzaliwa, tarehe 28 Julai, ndiyo Siku ya Homa ya Ini Duniani.

Ninasimulia haya kwa kirefu kwa sababu ya yule mgonjwa wa hemofilia. Kingamwili zake zilitambua antijeni kwa kuwa aliwahi kukutana na kirusi, na njia iliyo wazi kwa mtu kama yeye ni zile chupa zenyewe alizoongezewa. Kipimo cha kwanza kilitengenezwa kwa madhara ya damu isiyopimwa. Kila ninapoona tyubu zimepangwa kwenye kishikizo chake namkumbuka, ingawa hakuna anayelitaja jina lake.

Leo antijeni ya Australia tunaijua ni nini: ni protini ya ganda la nje la kirusi. Na bahati yetu ni kwamba kirusi hiki kina ubadhirifu wa ajabu. Ini lililoambukizwa hutengeneza maganda mengi kupita kiasi, mengi yakiwa matupu, bila kirusi ndani. Kwa kila kirusi kamili kunaweza kuwa na maelfu ya maganda yanayoelea kwenye damu. Kama kingekuwa kinajitunza, tungehangaika kukitafuta. Kwa kuwa kinatapanya maganda, tunalifuata ganda.

Jinsi maabara inavyonasa ganda

Maabara nyingi za damu hutumia kipimo cha Elisa au ndugu zake wa kisasa zaidi wanaotumia mwanga. Sahani ya plastiki ina visima vidogo 96, na kila kisima kimepakwa chini kingamwili zinazoshika ganda la kirusi. Majimaji ya damu ya mchangiaji yanamiminwa humo. Maganda kama yapo yananasa. Kisima kinaoshwa, na kisichonasa kinaondoka na maji. Kisha inatiwa kingamwili ya pili, iliyofungwa kimeng'enya, nayo inaling'ang'ania ganda kutoka upande wa juu. Kinaoshwa tena. Mwisho inatiwa dawa inayobadilika rangi ikikutana na kimeng'enya. Mashine inapima ukali wa rangi na kuulinganisha na mstari wa mpaka. Juu ya mstari, sampuli imeitika. Chini yake, haikuitika.

Angalia neno lenyewe: imeitika. Wataalamu wa maabara huwa waangalifu hapa, na sisi wengine tunapaswa kujifunza kwao. Kuitika maana yake rangi imepita mstari. Inaweza kuwa ni ganda la kirusi. Inaweza pia kuwa kisima hakikuoshwa vizuri, au damu ya mchangiaji ina kitu kingine kilichoshikana na kingamwili kwa bahati mbaya. Kazi ya kuosha visima inaonekana ndogo, lakini ndiyo inayotenganisha jibu na kelele.

Hapa hesabu inasaidia kuliko maneno. Chukua kipimo kizuri sana, kinachokamata 99.5 kati ya kila wabebaji 100, na kinachowaacha huru 99.5 kati ya kila watu 100 wasio na kirusi. Kitumie kwa wachangiaji 10,000 wa mahali ambapo watu 4 kwa 100 wana kirusi. Wabebaji ni 400, na kipimo kinawakamata 398. Wasiobeba ni 9,600, na kipimo kinawasingizia 48. Jumla ya walioitika ni 446, na kama mmoja kati ya kila 9 hana kirusi. Sasa kihamishie kipimo hichohicho mahali ambapo ni mtu mmoja tu kwa 1,000 mwenye kirusi. Wabebaji ni 10, wanaosingiziwa ni 50. Kipimo hakikubadilika hata chembe, ila sasa wengi wa walioitika ni wazima.

Kwa swali la chupa, hesabu hii haisumbui. Tunapoteza chupa 48 nzuri ili kuzizuia 398 mbaya, na mtu yeyote mwenye mgonjwa wodini atakubali biashara hiyo. Kwa swali la mtu, watu 48 wamekaa mbele ya mshauri wakisubiri kuambiwa habari ambayo si yao.

Ndiyo maana utaratibu haumaliziki kwenye jibu la kwanza. Sampuli iliyoitika hurudiwa, mara mbili, kwa kipimo kilekile. Hata moja kati ya marudio hayo ikiitika tena, chupa na kila kilichotengenezwa kutoka kwayo kinateketezwa, na hadithi ya chupa inaishia hapo. Hadithi ya mtu ndiyo kwanza inaanza, kwa sababu inahitajika hatua ya tatu ya kuthibitisha. Mojawapo ya njia hizo ina uzuri wake: sampuli inachanganywa na kingamwili zinazoziba ganda la kirusi, halafu inapimwa upya. Kama kilichokuwa kinaitika ni ganda la kweli, sasa limefunikwa na rangi inafifia. Rangi ikibaki vilevile, tulikuwa tunalifukuza kivuli.

Kuna jambo moja dogo la kuuliza kabla ya kufika huko. Chanjo ya homa ya ini B imetengenezwa kwa ganda hilohilo, bila kirusi. Mtu aliyechanjwa juzi anaweza kuwa na mabaki ya ganda la chanjo kwenye damu kwa siku kadhaa, wakati mwingine hadi wiki mbili tatu, na kipimo chenye macho makali kitaitika. Hana ugonjwa, anajikinga. Kwa hiyo aliyechanjwa karibuni aseme, asubiri kidogo, kisha aje.

Kinachopita katikati ya nyavu

Sasa upande wa pili: tyubu ambayo haikuitika. Je, chupa ni salama? Kwa sehemu kubwa sana ndiyo. Lakini kuna njia mbili ambazo kirusi kinaweza kupita, na zinafaa zijulikane na mchangiaji, kwa sababu moja yao yeye peke yake ndiye anayeweza kuiziba.

Njia ya kwanza ni kipindi cha dirisha, neno tulilolizoea kwenye mafunzo ya VVU. Baada ya kuambukizwa, kirusi hukaa kwenye ini kikizaliana polepole, mpaka maganda yawe mengi kiasi cha kunaswa. Kwa homa ya ini B muda huo ni kama mwezi mmoja. VVU huongezeka maradufu kwenye damu kwa muda usiofika siku moja, lakini homa ya ini B huchukua kama siku 2 na nusu, na mwendo huo wa kobe ndio unaolifanya dirisha lake liwe pana. Mchangiaji aliyeambukizwa wiki mbili zilizopita anajisikia vizuri, tyubu yake haiitiki, na damu yake inaambukiza.

Nchi zenye uwezo hulipunguza dirisha hilo kwa kipimo cha vinasaba, kinachokitafuta kirusi chenyewe badala ya ganda. Japani ilianza kukitumia mwaka 1999 kwa kuchanganya sampuli nyingi pamoja. Afrika Kusini tangu 2005 inapima sampuli ya kila mchangiaji peke yake. Dirisha hupungua kwa wiki moja au mbili, ila halifungiki. Mashine zake ni ghali, vitendanishi, yaani kemikali za kupimia, ni ghali, umeme lazima utulie. Nchi inayohangaika vitendanishi vya Elisa visikatike katikati ya mwezi ina haki ya kuuliza shilingi yake iende wapi kwanza. Mimi ningeanza na Elisa isiyokatika, fundi aliyefunzwa na namba zisizochanganywa kwenye tyubu. Vipimo vya haraka, vile vya kijistari, vinaokoa pale usiku wa manane kijijini, lakini vinahitaji ganda liwe jingi zaidi ndipo vilione, na haifai kuvifanya ndio msingi wa benki ya damu.

Sehemu ya dirisha isiyofikiwa na mashine anaifikia mchangiaji. Amechorwa tatuu mwezi huu, amechomwa na sindano iliyotumika, ana mpenzi mpya: hayo ndiyo majibu ambayo dodoso linayahitaji kwa ukweli wote. Kusema “leo nisitoe” ni mchango pia, na vituo vizuri humpa mtu nafasi ya kulisema hilo faragha, mbali na wanafunzi wenzake au wafanyakazi wenzake waliopanga foleni nyuma yake.

Njia ya pili ni ngumu zaidi kuieleza. Kirusi hiki kikiingia kwenye seli ya ini huacha humo kiduara kidogo cha vinasaba, kama mbegu iliyofukiwa. Mtu anaweza kupona kabisa kwa macho ya daktari, maganda yakatoweka kwenye damu, lakini mbegu ikabaki. Kwa wachache, mbegu hiyo huvujisha virusi kidogokidogo kwenye damu, kidogo mno kuonekana kwa kipimo cha ganda. Wataalamu wanaita maambukizi yaliyojificha.

Kuna kipimo kinachoweza kumtambua mtu huyo: kutafuta kingamwili dhidi ya kiini cha kirusi. Yeyote aliyewahi kuambukizwa huwa nazo, awe amepona au bado anabeba. Aliyechanjwa tu hana, maana chanjo haina kiini. Ujerumani na Marekani hupima hizo pia, na anayekutwa nazo kwa kawaida damu yake haitumiki. Kwa nini nasi tusifanye hivyo? Kwa sababu katika sehemu nyingi za Afrika kusini mwa Sahara theluthi moja ya watu wazima, pengine nusu na zaidi, walikutana na kirusi utotoni, na wengi wao walikishinda. Ukiwafukuza wote, mabenki ya damu yatakauka kabla ya wiki kwisha, na mama wa wodini atakufa kwa kukosa damu ili asipate kirusi ambacho pengine hakikuwemo. Kipimo kinachofaa Berlin si lazima kifae Tabora. Huo ni uamuzi unaotazama hatari zote mbili kwa pamoja, na sikubaliani na anayeusema kuwa ni umaskini tu.

Anayerudi

Tangu mwaka 1975 Shirika la Afya Duniani linazihimiza nchi zitegemee wachangiaji wa hiari wasiolipwa. Watu husikia hilo kama suala la maadili, na ni kweli lina maadili ndani yake, lakini kwa homa ya ini B lina hesabu pia. Ndugu wa mgonjwa aliyeambiwa alete watu watatu ndipo mama apasuliwe hana uhuru wa kusema kwamba mwezi uliopita alijichoma na sindano. Wa hiari anao.

Na bado, hiari peke yake haitoshi. Mchangiaji anayekuja mara ya kwanza, awe wa hiari au ndugu, analeta maambukizi yote ya maisha yake tangu kuzaliwa. Anayekuja mara ya tano ameshapimwa mara nne. Akileta kirusi, ni cha miezi michache iliyopita tu, na tumeshaona kwamba katika nchi zetu wengi wa walioambukizwa walikutana na kirusi utotoni. Usalama mkubwa uko kwa yule anayerudi: mwanamume kila baada ya miezi 3, mwanamke kila baada ya miezi 4. Tatizo letu ni kwamba damu nyingi hutoka shuleni. Kijana anatoa mara moja mbili, anamaliza masomo, na hatumwoni tena. Shule zikifungwa, majokofu yanakuwa matupu. Tunawaanza upya wageni kila mwaka, na kila mwaka tunawagundua wabebaji wapya ambao hawakujua.

Kuna faraja inayokuja taratibu. Tanzania ilianza kuwachanja watoto wachanga dhidi ya homa ya ini B mwaka 2002, ndani ya chanjo zao za kawaida za kliniki. Waliozaliwa baada ya hapo ndio sasa wanafikisha miaka 18 na kuendelea, umri wa kuchangia. Kila mwaka kundi la waliochanjwa linazidi kwenye foleni ya wachangiaji. Hata hivyo chanjo hiyo huanza mtoto akiwa na wiki kadhaa, na kirusi kinachotoka kwa mama hakisubiri wiki. Ndiyo sababu Shirika la Afya Duniani linapendekeza dozi ya kwanza itolewe ndani ya saa 24 za kuzaliwa.

Anayeambiwa asichangie tena

Nimerudi kwenye swali la pili, lile la mtu, kwa sababu ndilo tunalolifanya vibaya. Kwa takwimu za Shirika la Afya Duniani za mwaka 2022, watu milioni 254 duniani wanaishi na homa ya ini B sugu, na milioni 65 kati yao wako Kanda ya Afrika. Duniani kote ni 13 tu kwa 100 waliokuwa wamegunduliwa. Kwetu Kanda ya Afrika ni kama 4 kwa 100. Fikiria basi: ni wapi mtu mzima, asiyeumwa, asiye mjamzito, hupimwa homa ya ini bila kuomba? Karibu ni pale tu anapochangia damu. Huduma ya damu iliwekwa kumlinda anayepokea, na bila kukusudia imekuwa mlango wa kumgundua anayetoa. Kuitupa chupa na kunyamaza ni kuufunga mlango huo.

Anayeambiwa ana kirusi anastahili kusikia mambo kwa mpangilio. Kwanza, kwamba jibu la benki ya damu linahitaji kuthibitishwa. Pili, kwamba kipimo kitarudiwa baada ya miezi 6, kwa sababu huo ndio muda unaotenganisha maambukizi mapya, yanayoweza kuondoka yenyewe, na yale sugu. Tatu, kwamba hata yakiwa sugu, si kila mtu anahitaji dawa leo. Daktari ataangalia vimeng'enya vya ini, wingi wa kirusi kwenye damu na kama ini limeanza kupata makovu. Mwongozo wa dunia wa mwaka 2024 umeongeza idadi ya wanaostahili kuanza dawa mapema. Dawa yenyewe, tenofovir, si ngeni hapa, ni miongoni mwa zile wanazomeza wanaoishi na VVU. Inakilaza kirusi, inapunguza hatari ya ini kusinyaa na ya saratani ya ini. Haiing'oi ile mbegu, na kwa sababu hiyo hata aliye kwenye dawa na mwenye nguvu zake harudi kwenye kitanda cha kuchangia.

Na anastahili kusikia yasiyo na msingi pia, maana atayasikia mtaani. Hatamwambukiza mtu kwa kula naye sahani moja, wala kwa kumkumbatia, wala kwa kumpa mkono. Kirusi hupita kwenye damu na majimaji ya ngono, na kwa mama kwenda kwa mtoto anayezaliwa. Kwa kuwa kinaweza kuishi nje ya mwili siku 7, wembe na mswaki wake viwe vyake peke yake. Mwenza na watoto wapimwe. Asiye na kirusi wala kinga achanjwe sindano tatu, ya pili baada ya mwezi na ya tatu mwezi wa sita.

Namfahamu kijana mmoja aliyezaliwa mwaka 1999. Alichangia damu akiwa kidato cha sita, akasubiri kadi, kadi haikuja. Akafikiri imepotea. Aligundua miaka sita baadaye, alipopimwa kwa ajili ya kazi ya hospitali, na mtaalamu aliyempima ndiye aliyemwambia kwamba chupa yake ya shuleni huenda ilitupwa na namba yake ya simu haikutafutwa. Hakulalamika sana. Aliuliza swali moja tu: mama je? Mama akapimwa, akakutwa nacho. Kisha wakapimwa ndugu zake. Wadogo zake wawili, waliozaliwa mwaka 2003 na 2007, walikuwa wamechanjwa kliniki na hawakuwa na kirusi. Dada yake mkubwa alikuwa nacho, na alikuwa na mimba ya miezi mitano. Walikuwa na miezi minne ya kumpima wingi wa kirusi, kumwanzishia dawa kama kikiwa kingi, na kuhakikisha chanjo ya mtoto iko tayari chumba cha kujifungulia siku ile.